Besi ya Tom Malanga na mfarakano wa Wanyika

Kwenye harusi za Kasingirima, hapa Kigoma, wazee wakishaanza kunung'unika kwamba muziki wa siku hizi ni kelele tupu, DJ mwenye akili huwawekea "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Hapo viti hubaki vitupu. Watabishana ni ipi sauti ya John Ngereza na ipi ya Issa Juma, na yupo atakayelisifu gitaa la solo. Tom Malanga, mpiga besi, hatajwi, na kiuno cha kila aliyesimama kinamfuata yeye.

Malanga alikuwa Mtanzania aliyepatia jina Nairobi, kama wengi wa rika lake. Alipigia Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Ndugu hao walipitia Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakahamia Kenya.

Ugomvi ndio uliomfungulia njia. Novemba 1978, wakati huku nyumbani masikio yote yalikuwa redioni kusikiliza habari za vita vya Kagera, Simba Wanyika ilipasuka. Doug Paterson, mtafiti Mmarekani aliyeandika sana kuhusu muziki wa Kenya, anaeleza kwamba walioondoka walikuwa uti wa mgongo wa bendi: "Profesa" Omari Shabani wa gitaa la rizimu, Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na mwimbaji Phoney Mkwanyule. Yaani wenye bendi walibaki na jina lao, wapigaji wakaondoka na mdundo. Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipigia Bwambe Bwambe, bendi ya Wakongo, akajiunga nao. Wakafanya mazoezi na kupiga Garden Square, Nairobi, kwa takriban miezi sita. Mwaka 1979, sasa wakijiita Les Wanyika, wakaachia "Sina Makosa".

Wapo wanaodhani jina la wimbo huo lilikuwa jibu kwa akina Kinyonga. Sivyo, wimbo ni jibu la mtu kwa mwenzake aliyemkasirikia kwa ajili ya mwanamke asiye wa yeyote kati yao, ilhali kila mmoja ana wake nyumbani. Ila kwa wakati ule, jina lilisadifu kweli kweli.

Ugomvi wenyewe haukuishia hapo. Mwaka 1981 Issa Juma, aliyeimba nao, naye alikuwa na Super Wanyika yake, na mnunuzi wa santuri dukani ilibidi asome lebo mara mbili ajue ni Wanyika gani aliowashika mkononi.

Kuzipata hizo santuri Kigoma ilikuwa shughuli nyingine. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Mitambo ya kuchapia santuri ilikuwa Nairobi. Bendi za huku zilirekodi Radio Tanzania na kanda zikabaki maktaba. Kwa hiyo Watanzania hawa walivuma ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na nyumbani wakasikika zaidi kwa redio na kwa kaseti zilizonakiliwa hadi zikakwaruza.

Uingereza ya miaka ya 1960 ilikuwa na bendi ya Cream, wanaume watatu tu jukwaani, na dunia nzima inamjua Jack Bruce, mpiga besi wao. Les Wanyika walikuwa wengi kuliko hao, lakini moyo wa santuri yao ya "Sina Makosa" ni magitaa matatu. Rizimu ya Shabani haipumziki. Solo ya Ngereza inapita juu yake kwa nyuzi nyembamba. Malanga hapigi mfululizo: anadondosha noti chache fupi, ananyamaza, anamwachia Shabani nafasi, halafu anarudi pale usipomtegemea. Mpiga besi mwoga angeijaza hiyo nafasi kwa vinoti visivyo na kazi. Wimbo unapochangamka kuelekea mwisho, ndipo utajua nani alikuwa ameshika usukani tangu mwanzo.

Shabani alifariki mwaka 1998, Ngereza akamfuata muda si mrefu. Bendi ikawa ya zilipendwa.

Kigoma inajivunia wanamuziki wake, na ina haki. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walitoa "Leka Dutigite", wakiwemo Diamond na Ali Kiba, na mtoto yeyote wa Ujiji angekutajia waimbaji wake mmoja baada ya mwingine. Ni wimbo mzuri. Lakini kizazi kizima kimekua kikidhani besi ni kitu kinachotoka kwenye kompyuta ya prodyuza, na bendi ya kijana kujifunzia gitaa hilo la nyuzi nne imekuwa adimu.

Anayetaka kumsikia Malanga aanze na "Sina Makosa", kisha "Paulina". Atafute spika kubwa, au aazime, kwa sababu spika ya simu hutoa waimbaji wote na solo yote, na besi ya Malanga isisikike kabisa.