Neno "Misheni" na Safari Yake Hadi Ziwa Nyasa



Mwezi Desemba uliopita tulipanda hadi kigango kimoja cha milimani, huko Umatengo, ambako upepo wa mvua za kwanza ulikuwa umeng'oa mabati sita ya paa la kanisa. Tuliketi na kamati ya kigango, tukauliza ni nini kifanyike. Mzee mmoja akajibu kwa upole: "Baba, misheni wanajua." Wenzake wakaitikia kwa kichwa, na shauri likawa limekwisha.

Tulishuka mlima huku tukijiuliza huyo "misheni" ni nani. Kama ni padre, basi padre alikuwa ameketi pale pale, na mfukoni hakuwa na thamani ya bati moja. Kama ni jimbo, jimbo ni watu wale wale waliokuwa wakimtazama padre. Tukaona vema, badala ya kunung'unika, tulichunguze neno lenyewe, kwa maana maneno nayo yana ukoo na yana safari.

Matamshi "misheni" ni ya Kiingereza. Wanaoandika "misioni" hufuata Kilatini. Mzizi ni kitenzi cha Kilatini *mittere*, yaani kutuma, lakini pia kuachilia. Kwa Warumi wa kale, *missio* ilikuwa ruhusa ya askari aliyetimiza miaka yake ya utumishi, akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa heshima. Vilevile ilikuwa neema aliyopewa mpiganaji aliyeshindwa uwanjani, aondoke akiwa hai. Kwenye shina hilo Waingereza wamechuma maneno yao ya ujumbe, ya ahadi, na hata ya kombora. Nasi twalitamka kila Dominika bila kujua, kwa kuwa jina "Misa" limetoka katika maneno ya mwisho ya ibada ya Kilatini, *Ite, missa est*, ambayo kwayo waamini huagwa waende zao. Misa na misheni, basi, ni ndugu wa tumbo moja.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipoandika juu ya *missio*, hakuwa na habari za nyumba wala za safari za baharini. Alizungumzia Baba kumtuma Mwana, na Roho kutumwa mioyoni mwetu. Waliolipeleka neno barabarani ni hasa Wajesuiti, shirika lililokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1540, ambao nadhiri yao ya nne ni kumtii Papa katika habari ya kutumwa, popote atakapo. Mmoja wao, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Waingereza walilipokea neno hili mwishoni mwa karne ya 16, na mwanzoni walilitumia kwa habari za Wajesuiti hao hao. Wakati ule Uingereza ilikuwa imejitenga na Roma, na mapadre Wakatoliki waliingia nchini kwa siri, wamevaa kama wafanyabiashara, wakalala katika vyumba vilivyofichwa nyuma ya kuta. Mtakatifu Edmund Campion aliingia mwaka 1580. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Desemba, alinyongwa London. Kwa sheria ya mwaka 1585 padre wa namna yake kuonekana tu katika nchi ile kulihesabiwa kuwa uhaini. Kwa hiyo Uingereza yenyewe iliwahi kuwa nchi ya misheni, na misheni ile haikuwa na shule, wala zahanati, wala bati hata moja. Ilikuwa mtu aliyetumwa, na familia iliyothubutu kumfungulia mlango usiku.

Nyumba zilikuja baadaye. Polepole kile kitendo cha kutumwa kikageuka jina la mahali alipofikia aliyetumwa, na neno likafika kwetu likiwa na sura zote mbili.

Upande wa ziwani lilifika likiwa bado linatembea. Waanglikana wa UMCA, waliojenga makao yao katika kisiwa cha Likoma, walikuwa na meli ya mvuke *Charles Janson* tangu mwaka 1885, na William Percival Johnson aliishi humo kwa muda mrefu, akienda kijiji kwa kijiji kando ya ziwa. Mwaka 1901 ikashushwa majini meli kubwa zaidi, *Chauncy Maples*, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895, na ilikusudiwa kuwa pia chuo cha walimu kinachoelea. Johnson alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko. Si wa Kanisa letu, lakini haki yake tumpe.

Upande wa milimani lilifika likajenga. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walianza Peramiho mwaka 1898 kwa mkono wa Padre Cassian Spiss, na mwaka uliofuata wakaanza Kigonsera, katika Mbinga yetu. Spiss akawa askofu, na akauawa tarehe 14 Agosti 1905 njiani katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, vita vya Maji Maji vilipoanza. Peramiho ikachomwa moto mwaka huo huo. Waliorudi walijenga kwa mawe na matofali: kanisa, shule, hospitali, karakana, kinu, kiwanda cha uchapaji. Ni kazi kubwa, na twaishi kwa matunda yake hata leo. Lakini mtoto aliyekua akiyaona hayo alisikia "misheni" akaelewa mahali penye vitu, mahali pa kwenda kuomba.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na neno lake tangu zamani, na linauma. Kutokana na "kutuma" tunaye mtume, na kutokana na kitenzi hicho hicho tunaye mtumwa. Katika mwambao huu, ambako misafara iliwapitisha watu waliofungwa kamba kuelekea Kilwa, neno la pili lilijulikana vizuri kuliko la kwanza. Wenyeji wa pwani hii walikuwa na sababu ya kumtazama kwa mashaka kila mgeni aliyesema ametumwa kwao.

Siku hizi neno limetawanyika. Dar es Salaam, misheni tauni ni kuishi mjini kwa ujanja, bila kazi maalumu. Katika kuta za ofisi zetu limetafsiriwa kuwa Dhamira, likaning'inizwa kando ya Dira, na sijui ni wangapi hulisoma wanaposubiri mhuri. Kanisa nalo, katika hati ya *Ad Gentes* ya tarehe 7 Desemba 1965, lilirudi kwa Tomaso: likafundisha kwamba Kanisa zima kwa asili yake limetumwa, kwa kuwa Mwana ametumwa na Roho ametumwa. Mwaka 1986 jimbo la Mbinga likazaliwa, na Mhashamu Emmanuel Mapunda akawa askofu wake wa kwanza. Tangu hapo, kwa hesabu ya sawasawa, misheni haikuwa tena kule kwenye mnara. Ilikuwa imeketi katika benchi la kigango, chini ya paa lililotoboka.

Tuliyasema haya kule mlimani siku tuliporudi, kwa maneno machache kuliko haya. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Waingereza waliwahi kumwomba msamaha yule Campion. Tukasema tutamtafutia jibu.

Kahawa ilipouzwa, jumuiya ndogondogo nne zilichanga, na mabati sita yakanunuliwa pamoja na misumari. Juma lililopita mhazini alituletea stakabadhi ya duka ili tuihifadhi parokiani. Mahali pa jina la mnunuzi ameandika kwa herufi kubwa: MISHENI.