JIWE CHINI YA TAIRI: Kwa Nini Hendibreki Ilikufa Kanda ya Ziwa

Pita stendi yoyote Kahama au Geita mjini, cheki matairi ya nyuma ya michomoko iliyopaki. Mawe! Dereva anazima, konda anasukumia jiwe, maisha yanaendelea. Wengi wanasema ni uzembe tu. Kumbe jiwe lina historia yake, wadau.

Tuanze na Land Rover, iliyozaliwa Uingereza 1948. Zile za zamani hendibreki yao ilikamata propela shafti kupitia dramu moja nyuma ya giaboksi. Oili ikivuja humo, breki inateleza. Hafu shafti ikikatika ndo basi tena, gari linaondoka hata kama mkono umeuvuta mpaka juu.

Halafu ikaja njaa ya spea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 nchi ilikauka fedha za kigeni. Fundi akawa na spana, hana cha kufunga. Jiwe halikuhitaji dola.

1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka huohuo Toyota ikatoa Land Cruiser za 70, hizi tunazoita mkonga. Probox ikafuata 2002. Hapa hendibreki ni waya: nyuzi za chuma ndani ya ganda, zinazovuta brekishuu za nyuma. Wazo lenyewe ni la kizamani, Ernest Bowden alilipatia hataza Uingereza 1896, likatumika kwenye breki za baiskeli.

Adui wa waya huo ni tope la masika na vumbi la machimbo. Ganda likipasuka maji yanaingia, kutu inakula uzi mmoja mmoja. Mkono unaanza kupanda juu zaidi kila wiki, au tairi la nyuma linachemka kwa sababu waya umeganda. Siku moja, paa! Umekatika.

Hapo fundi wa mkato anauchomelea. Usikubali. Moto unalegeza chuma, na utakatika palepale. Dawa ni waya mzima wa modeli hiyohiyo, hata wa mtumba. Gari lisimame tambarare, matairi ya mbele yazuiwe, na lisikae juu ya jeki peke yake. Legeza nati ya mkono, fungua dramu, chomoa waya kwenye brekishuu, pitisha mpya mbali na ekzosi. Rekebisha brekishuu kwanza, waya baadaye. Mkono ukishuka, tairi lizunguke bila kukwama.

Kwa nini uhangaike? Breki ya mguu inategemea mafuta. Bomba likipasuka mteremkoni njia ya Nyarugusu, abiria wamebanana mpaka kwenye buti, breki ya mguu inapungua nguvu sana, na msaada wako ni gia na hendibreki. Jiwe limebaki stendi.

Mwaka 1982 jiwe lilikuwa akili. Leo waya upo dukani. Sasa jiwe ni nini?