Ngoma Tatu katika Sanduku Moja

Msomaji, ukitoka Bukura ukashika njia ya mashariki, hutakwenda mbali kabla hujaingia katika nchi ya Waisukha na Waidakho, wenye ngoma iitwayo isukuti. Ngoma hiyo si moja bali tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hupigwa pamoja, pembe ya swala ikilia kando yake, katika arusi, katika mazishi na anapozaliwa mtoto. Ile kubwa haiigi sauti ya ndogo, wala ndogo haijaribu kunguruma. Likumbuke jambo hilo, kwa maana wahandisi wa ng'ambo walitumia miaka mingi ya karne ya 20 kulifikia kwa njia ya waya na sumaku.

Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna mpya. Ilikuwa koni ya karatasi iliyoshikamana na koili ndogo ya waya, na koili ile ilining'inia katika pengo la sumaku. Umeme upitapo, koni husogea mbele na nyuma, hewa hutikisika, nasi husikia. Karibu spika zote uzionazo leo, ziwe za matatu, za kanisani au za dukani, ni wajukuu wa spika ile.

Lakini koni moja haitoshi. Koni kubwa husukuma hewa nyingi, hivyo yafaa kwa besi, ila ni nzito mno kutikisika mara elfu nyingi kwa sekunde. Koni ndogo ni nyepesi, lakini ukiipa besi hupapatika bure, na mwishowe koili yake huungua. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, na redio za betri zilizofika vijijini baadaye zilikuwa na spika moja ndogo tu. Gitaa la George Mukabi, msanii wa magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka 1963, lilipigwa kwa kidole gumba kikishika besi na kidole kingine kikiimba juu yake. Wengi walioipenda sanaa hiyo redioni walisikia nusu yake.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, tena kwa watu wa simu wasiokuwa na haja na muziki. Mwaka 1915 George Campbell huko Marekani na Karl Willy Wagner huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni kichujio cha mawimbi ya umeme. Koili hupitisha mitikisiko ya polepole na kuizuia ya haraka. Kapasita hufanya kinyume chake. Weka koili mbele ya spika ya besi, ambayo mafundi wetu huiita wufa, na kapasita mbele ya spika ndogo, yaani twita, nawe umepata kigawa-sauti. Mafundi hukiita krosova. Hakihitaji umeme wake chenyewe. Kinaishi kwa ule ule unaopita.

Filamu zilipoanza kusema, mwaka 1927, majumba ya sinema yalihitaji sauti kubwa na safi, na hapo kosa jingine likafichuka. Husimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1930, katika kampuni ya MGM, mchezaji Eleanor Powell alipogonga sakafu kwa viatu vyake, kila mgongo ulisikika mara mbili. Sababu ilikuwa nyepesi. Njia ya sauti nzito ndani ya pembe ya spika ilikuwa ndefu kuliko ya sauti nyembamba, basi sauti nzito ilichelewa. Douglas Shearer na John Hilliard wakaunda mtambo mpya, spika zake zikilingana kwa wakati. Mhandisi mwenye vipimo vyake vyote alikuwa ameumbuliwa na miguu ya mcheza ngoma!

Nawe ukitaka kujiundia sanduku la sinema ya nyumbani, hesabu ya kwanza haikushindi. Chukua spika za ohmu 8, uamue kuzigawa penye mitikisiko 3,000 kwa sekunde. Zidisha 6.28 kwa 3,000, kisha kwa 8, halafu ugawe 1 kwa jibu hilo: utapata kapasita ya maikrofaradi 6.6 hivi. Gawa 8 kwa zao la 6.28 na 3,000: utapata koili ya milihenri 0.42. Hapo ndipo mafundi wengi hukomea, na hapo ndipo hukosea. Ile 8 iliyoandikwa nyuma ya spika si kweli wakati wote, kwani koili ya wufa huzidi kuupinga umeme kadiri mitikisiko inavyoongezeka. Mmarekani Otto Zobel ametuachia jina la tiba yake: kizuizi na kapasita vilivyofungwa sambamba na wufa ili kuutuliza upinzani huo. Baadaye, mwaka 1976, Siegfried Linkwitz alieleza kigawa-sauti ambacho, penye mpaka, kila spika hutoa nusu ya kimo cha wimbi, na nusu hizo mbili zikijumlika huwa kamili bila kuvimba. Kinataka koili na kapasita zaidi, na fedha zaidi. Kwa maoni yangu yafaa kupunguza ukubwa wa wufa kuliko kufanya ubahili hapa.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wajuzi wake wamekwisha kuzeeka na vijana wanaorithi ni wachache. Yumkini wajukuu wengine wataijua kwa rekodi tu. Basi utakapomaliza sanduku lako, piga rekodi ya isukuti, ufumbe macho, uzihesabu ngoma. Ukisikia mbili, au ukisikia ndogo ikiachana na kubwa, zima umeme, fungua kifuniko, utazame tena koili yako.