Sonoma Stompers: timu ya mji mdogo iliyokabidhiwa watu wa takwimu

Leo naweka kando mambo ya seva na programu, niwasimulie habari za timu ya besiboli. Msishangae, kompyuta zimo.

Sonoma ni mji wa mashamba ya mizabibu huko California, kaskazini mwa San Francisco, wenye watu kama 11,000 tu. Mwaka 2014 ulipata timu ya kulipwa, Sonoma Stompers, yaani wakanyaga zabibu. Ligi yao, Pacific Association, ilikuwa huru: haikufungamana na vilabu vikubwa. Wachezaji wengi walikuwa vijana walioachwa na vilabu hivyo. Mshahara ulikuwa mdogo sana, na baadhi yao walilala kwa familia za wenyeji.

Mwaka 2015 timu ikafanya jambo la ajabu. Iliwapa Ben Lindbergh na Sam Miller, waandishi wa takwimu za besiboli, usimamizi wa mambo ya uwanjani. Hawakuwa wachezaji wala makocha. Silaha yao ilikuwa jedwali la kompyuta: orodha ya wanafunzi waliomaliza chuo wakiwa na takwimu nzuri lakini hakuna klabu iliyowachukua.

Jedwali hilo ndilo lililomtoa Sean Conroy, mrushaji kutoka chuo cha Rensselaer, New York. Alikuwa akirusha mpira mkono ukiwa chini, kwa pembeni, mtindo ambao wasaka vipaji huupuuza. Tarehe 25 Juni 2015 alirusha mchezo mzima, Stompers wakashinda 7-0. Usiku huo pia akawa mchezaji wa kwanza wa besiboli ya kulipwa kujulikana wazi, akiwa bado anacheza, kwamba ni shoga. Jedwali halikuwa na safu ya jambo hilo. Lilihesabu mipira tu.

Lakini ndugu zangu, kupata majibu sahihi ni nusu ya kazi. Wawili hao walitaka Conroy aingizwe wakati wowote mchezo unapokuwa mgumu. Kocha alitaka amtunze kwa ajili ya mwisho, kama ilivyo desturi. Walitaka pia kupanga walinzi watano karibu badala ya wanne wa kawaida. Kila hoja ilihitaji kushawishi watu waliocheza mpira tangu utotoni. Katikati ya msimu kocha aliondoka, Takashi Miyoshi akashika usukani, na mambo yakalainika. Stompers waliongoza nusu ya kwanza ya msimu, kisha wakafungwa na jirani zao San Rafael Pacifics katika fainali. Mwaka 2016 waandishi hao walitoa kitabu kuhusu msimu huo.

Hao Pacifics nao hawakuwa nyuma. Mwezi Julai 2015 waliruhusu kamera na kompyuta ziamue kama mpira uliorushwa ni halali, huku mchezaji wa zamani Eric Byrnes akitangaza uamuzi kwenye kipaza sauti. Miaka kumi baadaye, 2025, ligi kuu ya Marekani iliidhinisha mfumo wa kupinga uamuzi wa mwamuzi kwa msaada wa kompyuta, uanze msimu wa 2026.

Stompers hawakuishia hapo. Julai 2016 waliwachezesha Kelsie Whitmore na Stacy Piagno, wanawake wawili katika timu moja ya kulipwa, jambo lisiloonekana tangu miaka ya 1950. Kisha ikaja korona. Msimu wa 2020 ulifutwa, na ligi hiyo haikurudi tena.

Mimi mwandika programu nachukua funzo moja. Tunapenda kudhani kwamba programu ikitoa jibu sahihi, kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza: yuko mtu anayepaswa kuliamini jibu hilo, na ana sababu zake za kutoliamini. Ukimdharau, jedwali lako litabaki kwenye diski. Ukikaa naye mkasikilizana, hata timu ya mji wa watu 11,000 inaweza kutangulia wakubwa.

Tukutane tena, panapo majaliwa.