Baleti: Nguvu ya mguu hutangulia kiatu

Kusimama kwa ncha za vidole ni mtindo wa baleti ambao mchezaji huubeba mwili wake wote juu ya ncha za vidole vya miguu. Mtindo huo ulijizolea sifa mjini Paris mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide. Siku hizi mtu wa Jinja au Mbale aweza kuutazama kwenye simu yake, na kijana akatamani kuujaribu bila mwalimu. Kabla ya kutafuta viatu, yafaa afahamu jambo moja: kiatu hakimwinui mtu.

Ncha ya kiatu hicho hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi, na chini ya wayo huwekwa kipande kigumu. Kazi yake ni kutegemeza tu. Kinachoinua mwili ni misuli ya shavu la mguu, misuli midogo ya wayo, na ile ya kando ya kifundo inayozuia mguu usipinduke. Nyonga na kiwiliwili navyo visipotulia, kifundo hulemewa.

Ngoma za mashariki mwa Uganda hujenga sehemu ya nguvu hiyo. Katika tamenhaibuga ya Wasoga, jina ambalo maana yake ni "usivunje kibuyu", nyonga hutikiswa huku miguu ikikanyaga kwa hatua fupi za haraka. Huko Mbale, katika msimu wa imbalu, ambao huwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kigisu hucheza na kutembea kwa siku kadhaa wakifuata ngoma za kadodi. Ngoma hizo huwapa wachezaji stahamala na mizani. Hata hivyo, nyayo hukanyaga ardhi. Vidole havijazoezwa kubeba uzito vikiwa vimesimama wima.

Mazoezi ya kuvizoeza hayahitaji vifaa vya gharama. La kwanza ni kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino polepole, kisha kukishusha polepole vilevile, goti likiwa limenyooka. Walimu wengi hutaka mwanafunzi aweze kufanya hivyo takriban mara 20 kwa kila mguu bila kuyumba. La pili ni kukunja tao la wayo bila kuvikunja vidole. La tatu ni kuusukuma mguu mbele na pembeni dhidi ya ukanda wa mpira. Hata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli hufaa. La nne ni kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa.

Umri nao ni muhimu. Kila mguu una mifupa 26 kuanzia kifundo hadi vidoleni, na ya mtoto bado inakua. Miongozo ya tiba ya wacheza dansi hushauri kusubiri hadi miaka 12 hivi, baada ya mafunzo ya miaka kadhaa chini ya mwalimu. Hata akiutimiza umri huo, mwanafunzi ambaye kifundo chake hakinyooki kikamilifu, au anayeyumba akiruka kwa mguu mmoja, hajawa tayari. Wanaoharakisha huweza kuteguka kifundo, kuumia kano iliyo nyuma yake, au kupata ufa katika mifupa ya wayo. Maumivu yasiyoisha baada ya kupumzika yapelekwe kwa daktari.

Kukosa viatu si kukosa mwanzo. Kibera, jijini Nairobi, watoto wamejifunza baleti ndani ya madarasa ya kawaida, madawati yakiondolewa, wengi wao wakiwa pekupeku. Kwa kijana wa Jinja au Mbale, hatua ya kwanza ni hiyo hiyo: kuimarisha mguu mtupu sakafuni, na kumwachia mwalimu mwenye ujuzi aamue siku ya kuvaa kiatu.