Nani Aliua Gugumaji la Ziwa Victoria?

Wasee, wiki jana nilikuwa Dunga, Kisumu, narekodi video. Mashua zilikuwa zimekwama. Ziwa limefunikwa kijani mpaka unadhani unaweza kucheza mpira juu yake. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, "Mzee, hii kitu itaisha lini?" Akacheka. "Kijana wangu, hii iliisha zamani. Ikarudi."

Hilo jibu lilinisumbua, nikaanza kusoma.

Gugumaji si la huku. Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Watu walipenda ua lake la zambarau, wakalipanda kwenye vidimbwi vya mapambo, likatoroka. Miaka ya 1950 lilikuwa tayari kwenye Nile Nyeupe, Sudan. Mwisho wa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na mto Kagera, unaotoka pande za Rwanda na Burundi, ukawa unalishusha ziwani kila siku. Na usisahau: maji ya ziwa letu yanatokea Jinja na kuwa Nile. Kwa hivyo hii si shida ya Kisumu peke yake, ni ya mto mzima.

Mwaka 1998 mambo yalichacha. Picha za setilaiti zilionyesha takriban hekta 17,000 za gugu upande wa Kenya. Ukipiga hesabu, hiyo ni zaidi ya viwanja 20,000 vya mpira. Halafu ndani ya muda mfupi sehemu kubwa ikapotea.

Nani aliliua? Hapo ndipo wataalamu walianza kuvutana. Wa kwanza walisema ni wadudu wadogo jamii ya fukusi, walioletwa maalum na kuachiliwa huku Kenya kuanzia 1997 ili wale hilo gugu. Wengine wakasema, ngoja kwanza, mnasahau mvua za El Niño za 1997 na 1998? Mawingu yalipunguza mwanga, mawimbi yakavunja vile visiwa vya majani. Walibishana kwa miaka, huku kila upande una hoja. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipopita, gugu likarudi kwa kishindo.

Maoni yangu ni haya: ubishi uliendelea kwa sababu vipimo vilikuwa na mapengo. Setilaiti inakuonyesha ukubwa wa zulia, lakini haikuhesabii wadudu walio ndani. Ungehitaji mtu wa kurudi pale pale, kwa njia ile ile, mwaka baada ya mwaka.

Na inawezekana. Kwenye mto Mississippi, Marekani, kuna mpango wa ufuatiliaji ulioanza 1986. Tangu 1998, mwaka ule ule sisi tulipozama kwenye gugu, watu wao hutoka na mashua kila msimu wa joto, wanaburuta reki chini ya maji na kuandika mimea iliyonaswa. Kazi ya kuchosha, haina hata picha kali ya kuposti. Lakini mmea ukipungua au ukirudi, wanaona.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, watu wana njaa, wewe unataka tuhesabu majani?" Sawa. Lakini leo tunanunua mashine, kesho tunafanya usafi wa siku moja, na maji taka na mbolea vinaendelea kuingia ziwani kulilisha lile gugu. Bila kupima, utajuaje pesa gani ilisaidia na gani ililiwa bure?

Kwa hivyo nimeanza kidogo. Kila tarehe moja nitapiga picha Dunga, nikisimama pale pale, niandike tarehe na hali ya upepo. Si sayansi kubwa. Lakini nikimaliza mwaka, yule mzee akiniambia limerudi, angalau nitamwonyesha lilianza kurudi mwezi gani.

Uko Homa Bay, Mbita au Busia? Chagua mahali pako tuanze pamoja.