Kumbe ziwa letu linafika baharini



Leo nawaletea historia kidogo, lakini naanza na haya yangu mwenyewe. Niko na licence ya agronomia. Kazi ya agronomia, munajua namna inapatikana huku kwetu Kalemie, basi nikakubali kufundisha biolojia na jiografia katika sekondari moja karibu na ziwa. Katika programu kuna somo la bahari: chumvi, mikondo, kupwa na kujaa. Mimi ninasoma, watoto wanaandika. Hakuna hata mmoja wetu mule ndani, mimi wa kwanza, aliyewahi kuona bahari.

Ilikuwa mwezi wa nne 2024. Mutakumbuka ile wakati: ziwa lilipanda, maji yakaingia ndani ya nyumba, watu wakabeba vitanda na magodoro kichwani. Katikati ya somo langu la mikondo, binti mmoja akainua mkono:

“Prof, maji ya ziwa yetu inaendaka wapi?”

Nikajibu bila kufikiri: “Haiendi fasi. Mito inaingia, jua inakausha. Bahari ni ingine, ziwa ni ingine.”

Akaniangalia. “Lakini Prof, sisi tunaikala pembeni ya Lukuga. Tukitupa chupa pale, haiendake ku ziwa. Inaendaka upande wa Kabalo.”

Kilasi ikacheka. Nilizaliwa mji huu, daraja la Lukuga nimelipita mara ngapi, na kichwani mwangu Lukuga ilikuwa mto unaoingia ziwani kama mingine. Nikafunga somo mbele ya saa, nikaenda kusoma.

Nilichokuta kilinituliza kidogo: swali la yule binti lilisumbua watu wakubwa kwa zaidi ya miaka 20. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, wakakuta ziwa refu ambalo hawakujua maji yake yanatokea wapi. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walienda mpaka kaskazini kuangalia Rusizi: wakaona inaingia, haitoki. Mwaka 1874 Cameron alizunguka kusini, akapanda huku kwetu mpaka kwenye mdomo wa Lukuga. Wenyeji wakamwambia kwamba mto huu unaenda mpaka Lualaba. Aliwaamini, lakini majani yalikuwa yameziba njia, hakuweza kuufuata. Mwaka 1876 Stanley akapita palepale, akakuta matete na maji karibu yamesimama. Akasema ziwa bado linajaa, siku moja litafunguka.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Ziwa likaendelea kupanda, kiisha likavunja kile kizibo. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu kwenda magharibi. Katika miaka kama 15 iliyofuata, ziwa lilishuka karibu metre 10. Fikirieni: metre 10 kwenye ziwa lenye urefu wa kilometre zaidi ya 650! Yote ilipita hapa kwetu.

Na kutoka hapa inaenda wapi? Lukuga inaingia Lualaba upande wa Kabalo. Lualaba inapanda mpaka Kisangani, inachukua jina la Kongo, inapita Mbandaka, Kinshasa, Matadi, Boma, na kule Banana inaingia Atlantiki. Ile chupa ya binti, kama haikukwama, iko njiani kwenda baharini.

Hapo ndipo nikakuta kisa cha pili. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ndani ya Tanganyika meduza, kale kanyama laini kanakoelea kama mwavuli wa maji. Meduza, kwa wanasayansi wa wakati ule, ilikuwa mnyama wa bahari. Na konokono wa ziwa letu wako na maganda mazito, yenye miiba na mistari, kama ya bahari kabisa. Mwingereza J. E. S. Moore akaja mara mbili, 1895 na 1899, kisha mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Alisema zamani sana bahari ilifika mpaka hapa kupitia bonde la Kongo, ikaondoka, ikaacha wanyama wake ndani ya ziwa.

Wazo lilikuwa tamu, lakini halikusimama. Cunnington alikuja 1904 na 1905, akakusanya wanyama wengi, na ushahidi haukumsaidia Moore. Leo tunajua ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka, na umri wake unahesabiwa kama miaka milioni 9 mpaka 12. Wale konokono ni wa maji baridi. Maganda yao yalikomaa humuhumu, juu ya kujikinga na kaa wanaowavunja.

Basi Moore alikosea? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini subirini. Mwaka 2008 watafiti walichunguza urithi wa ndakala na lumbu, wale samaki tunaokula na bukari kila siku. Walikuta kwamba ndugu zao wako Afrika ya Magharibi, na kwamba mababu wao waliingia kwenye mito kutoka baharini, mamilioni ya miaka mbele ziwa halijakuwako. Kizazi kwa kizazi wakapanda mito mpaka wakafika huku. Bahari haikuja Kalemie. Ni ndakala ndio walitoka baharini.

Mimi mtu wa udongo, kitu kingine kilinishika zaidi. Ziwa letu lina kina cha metre 1.470, ni la pili duniani nyuma ya Baikal. Lakini oksijeni inaishia juu, kwenye metre 100 au 200 hivi. Chini yake samaki hawezi kuishi. Mbolea yote ya ziwa inalala kule chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda na mbolea yake, vijimea vidogo vinaota, ndakala wanakula. Ni kama kulima: usipogeuza udongo, mbolea haifiki kwenye mizizi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa linapata joto na maji yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Mama anayeuza ndakala ku soko hajasoma ile makala, lakini ikiwa vile ni mfuko wake utakaolia.

Sasa ninafundisha somo la bahari namna ingine. Ninatoka na watoto mpaka Lukuga. Tunatupa kijiti, tunapima hatua, tunahesabu sekunde, tunapata mwendo wa maji: huo ni mkondo. Tunaweka chumvi ndani ya chupa moja, ingine tunaacha na maji ya ziwa, tunaangalia yai linaelea wapi. Ndakala tunampasua mezani. Haiombi laboratwari.

Na swali la nyumba? Lilirudi, juu ya ile ndiyo yule binti alitaka kujua tangu mwanzo. Kwao maji yalifika dirishani. Mtaani wengine walikuwa wanatafuta mtu wa kushitaki kwamba ameharibu ziwa. Niliwaambia watoto ninachojua: maji mengi ya ziwa yanaondoka na jua, Lukuga inatoa sehemu ndogo tu, kwa hiyo mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda na linachelewa kushuka. Lilipanda hivyo kwenye miaka ya 1960, na mbele ya 1878 lilikuwa juu kuliko wengi wetu tunavyoweza kuwaza. Fasi tulizojenga, ziwa lilikuwa limezilala zamani.

Yule binti akauliza: “Sasa Prof, kama watu walijua, juu ya nini walituacha tujenge pale?”

Ile siku sikujibu haraka. Niliandika swali lake ubaoni, nikaliacha mpaka somo linalofuata. Wenzangu wa jiografia, wa sheria, wa ujenzi munaosoma hapa, munisaidie: mungemwambia nini?